Moshi wa saa 11 alfajiri

Binti yangu alikuwa na miaka 6 alipoanza kuamka usiku wa manane na kukaa kitako kitandani, mikono kaikaza magotini, mabega yakipanda na kushuka. Aliyelea mtoto mwenye pumu anaujua mkao huo. Kila mara nilikimbilia dirisha nikalifungua apate hewa. Ulipita karibu mwaka mzima kabla sijaelewa kwamba dirisha lile ndilo lililokuwa likimletea shida.

Tunaishi bondeni, chini ya kiwanda kinachoyeyusha chuma chakavu na kutengeneza nondo. Kutoka mlangoni kwangu hadi kwenye uzio wake ni mwendo wa dakika 7 kwa miguu. Kwa miaka mingi malalamiko ya mtaa wetu yalikuwa yale yale: moshi umezidi, vumbi limezidi, watoto wanakohoa. Tuliandika barua, tukakusanya sahihi, tukazipeleka kwenye mamlaka ya mazingira. Wakaguzi walikuja zaidi ya mara moja, na kila walipokuja ilikuwa mnamo saa 5 asubuhi, jua limeshakolea. Walisimama barabarani wakaitazama dohani, wakalinganisha rangi ya moshi na kadi yenye vivuli vya kijivu, kisha mmoja akaniuliza kwa upole, "Mama, moshi mnaoulalamikia uko wapi?" Nikatazama juu. Kulikuwa na uzi mwembamba mweupe, unapanda na kupotelea angani. Sikuwa na la kumjibu. Niliona aibu, na huku nikijua kwamba sikusema uongo.

Kadi ile baadaye niliichunguza. Asili yake ni chati aliyoibuni Mfaransa Maximilien Ringelmann mwaka 1888: vivuli kuanzia 0, ambacho ni cheupe, hadi 5, ambacho ni cheusi kabisa, kila hatua ikiongeza weusi kwa asilimia 20. Kwa moshi mweusi wa makaa ya mawe ilifanya kazi kubwa. Ila mtu anayeitumia lazima auone moshi dhidi ya anga lenye mwanga, na moshi wenyewe uwe unatoka mahali anapopatazama. Sisi tulikuwa tumekosa yote mawili, wala hatukujua.

Aliyenifumbua macho ni mzee jirani yangu, mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi katika kituo cha hali ya hewa. Nilimfuata anitilie sahihi kwenye barua nyingine. Aliisoma yote, akaikunja, akanirudishia.

"Mwanangu, hapa mmeandika moshi umezidi. Umezidi saa ngapi? Upepo ulikuwa unatoka wapi? Usiku huo anga lilikuwa na mawingu au lilikuwa jeupe?"

Sikujua hata moja. Akaniambia kesho yake niamke mapema, nimkute kwenye mteremko ulio juu ya nyumba zetu saa 11 alfajiri.

Nilichokiona asubuhi ile sijakisahau. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Bonde letu lilikuwa limejaa utando wa rangi ya kutu, na juu yake umesawazika kama maji ya bwawa. Mapaa ya nyumba za juu yalionekana, yetu ya chini yalikuwa yamezama. Hapa na pale watu walikuwa wameshawasha majiko. Moshi wa kila jiko ulipanda mpaka usawa wa miti, ukasita, kisha ukatambaa ubavu kana kwamba umegonga dari. Binti yangu alikuwa amelala ndani ya utando ule, na dirisha nililiacha wazi.

Mzee akanieleza taratibu, kwa maneno niliyoyaelewa. Mchana jua hupasha ardhi joto, ardhi ikapasha hewa iliyoigusa, hewa hiyo ikapanda. Inapopanda huubeba moshi na kuuchanganya na hewa nyingi ya juu, ndiyo maana saa 5 asubuhi wakaguzi hawakuona kitu. Usiku usio na mawingu wala upepo mambo hugeuka. Ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani, hewa iliyoilalia inapoa kuliko ile ya juu yake, inakuwa nzito na haipandi tena. Hewa hiyo baridi huteremka milimani na kujikusanya bondeni, na chochote kilichotoka kiwandani chini ya tabaka la hewa ya joto lililo juu yake kinabaki humo humo. Mawingu yakiwepo hulizuia joto lisipotee, na upepo ukivuma huichanganya hewa. Usiku wa namna hiyo, alisema, mtoto wako atalala.

"Usiondoke," akaniambia nilipogeuka nirudi. "Ngoja jua."

Moshi wa dohani wenyewe ulikuwa umekaa juu zaidi, umejinyoosha kama ukanda mrefu kuelekea upande wa shule, haumgusi mtu. Jua lilipochomoza na ardhi kuanza kupata joto, hewa ya chini ilianza kuchanganyika, na mchanganyiko ule ukawa unapanda kidogo kidogo. Mnamo saa 2 asubuhi uliufikia ukanda wa moshi. Ule ukanda ukavunjika, ukashushwa wote chini kwa mkupuo, juu ya uwanja wa shule. Haukukaa hata saa nzima. Saa 4 anga lilikuwa safi, na mtu angeapa hapajatokea kitu.

Tukiwa tunateremka, mzee aliniambia habari za Donora, mji mdogo wa viwanda vya chuma na zinki katika bonde moja la Pennsylvania, Marekani. Mwishoni mwa Oktoba 1948 tabaka la hewa ya joto lilikaa juu ya bonde lile siku kadhaa, viwanda vikiendelea kufanya kazi. Watu 20 walikufa na maelfu wakaugua. Kabla ya hapo, Desemba 1930, watu zaidi ya 60 walikuwa wamekufa kwa namna hiyo hiyo katika bonde la mto Meuse, Ubelgiji. London ilifuatia Desemba 1952, na vifo vya mwanzo vilikadiriwa kuwa 4,000. Uingereza ilipitisha sheria ya hewa safi mwaka 1956. Kilichoniuma katika masimulizi yale ni kwamba viwanda vya Donora havikuongeza moshi wiki ile. Hewa tu ndiyo iliyokataa kuubeba.

Nilinunua daftari siku hiyo hiyo. Kila usiku nilipoamshwa na kikohozi niliandika saa. Nilifunga utepe mwembamba wa kitambaa kwenye fimbo uani ili nione upepo unatoka wapi, nikaandika pia kama nyota zinaonekana, harufu ikoje, na moshi umelalia upande gani. Baada ya miezi mitatu nilimpelekea mzee. Alichukua kalamu nyekundu akazungushia duara siku zote ambazo mtoto alitumia inhela, kile kifaa cha kuvutia dawa ya pumu, zaidi ya mara moja, akaniambia nisome safu ya nyota. Karibu zote zilikuwa usiku wa nyota nyingi, utepe umening'inia wima.

Kuna jambo jingine nililolifanya ambalo ningemshauri kila mtu anayeishi karibu na kiwanda cha chuma. Niliweka karatasi nyeupe kwenye kizingiti cha dirisha jioni, asubuhi nikaikuta na unga wa rangi ya udongo uliochomwa. Nikapitisha sumaku chini ya karatasi. Sehemu kubwa ya unga ule ulisimama, ukajipanga kama manyoya, ukaifuata sumaku ilikokwenda. Binti yangu alipiga kelele kwa mshangao. Mimi nilikaa chini. Mzee alinitahadharisha kwamba hata udongo wa kawaida huwa na chembe zinazovutwa na sumaku, hivyo nikaweka karatasi nyingine kwa ndugu yangu anayeishi mbali, ng'ambo ya kilima. Unga wake haukusogea ila punje chache.

Sasa nilikuwa na saa na nilikuwa na upepo. Sikuwa bado na jibu la kwa nini dohani ipimwe mara mbili kwa mwaka, ifaulu mara zote, na mtaa uamke umefunikwa na unga wa chuma.

Jibu alinipa kijana wa mtaani kwetu anayefanya kazi shifti ya usiku. Alikuja nyumbani giza limeingia, akaketi kwenye ngazi za nyuma. Alisema umeme ni nafuu zaidi usiku, kwa hiyo kazi kubwa ya kuyeyusha hufanyika kati ya saa 4 usiku na alfajiri. Moshi unaopita kwenye dohani huchujwa kwanza na mifuko ya kitambaa inayonasa vumbi, na mifuko ile ni mizuri kweli. Lakini tanuru linapolishwa chuma, ile kofia ya kufyonza moshi husogezwa pembeni ili winchi ipate nafasi. Chuma chakavu kikiwa na mafuta au rangi au maji, moto hulipuka na moshi wa rangi ya kutu hupanda moja kwa moja darini, ukatokea kwenye matundu ya paa. Kila usiku hilo hurudiwa mara nyingi. "Dohani ni safi, mama," alisema. "Mnaangalia mahali sipo."

Simlaumu kwa kuja gizani. Nusu ya nyumba za mtaa wetu zinakula kwa kiwanda kile, ya shemeji yangu ikiwemo. Kuna watu waliacha kunisalimia. Mwanamke mmoja niliyekuwa nikimheshimu sana alinisimamisha njiani akaniuliza kama nitawalisha mimi siku kiwanda kikifungwa. Niliumia, kwa sababu sikuwahi kutaka kifungwe. Nilitaka watoto wake na wangu walale. Na kwa kweli wanaovuta moshi ule wa kwanza kabisa, kabla haujatoka paani, ni wafanyakazi wenyewe.

Nikaomba kuona leseni ya kiwanda. Sikudhani ningepewa, lakini Azimio la Rio la mwaka 1992, kanuni yake ya 10, linasema raia wapewe taarifa za mazingira zilizo mikononi mwa serikali na nafasi ya kushiriki maamuzi, na nchi nyingi zimeliweka jambo hilo katika sheria zao. Nilijaza fomu, nikasubiri, nikapewa nakala. Niliisoma usiku tatu. Dohani ilikuwa na masharti ya kurasa nne. Paa halikutajwa mahali popote. Kipimo cha hewa ya nje kilitakiwa kiwe kwenye uzio, na kiwanda kilikuwa kimekiweka langoni, upande wa juu, ilhali hewa ya usiku inateremka. Hapakuwa na sharti lililovunjwa. Kwa kila lililoandikwa, wakaguzi walikuwa wametuambia ukweli.

Kurasa zile zilinifunza kazi kuliko barua zetu zote. Tulikuwa tukilia kwamba sheria haifuatwi, na shida ilikuwa imekaa kwenye kile ambacho sheria haikukigusa. Leseni huwa na mwisho wake, na kabla ya kuhuishwa kuna siku za wananchi kutoa maoni. Ya kwetu ilikuwa imebakiza miezi 11.

Katika miezi hiyo tulikosea mara mbili, na makosa yale yalitugharimu.

La kwanza, tulidai dohani irefushwe. Ilionekana ni busara: moshi utoke juu, upite juu yetu. Mzee alitikisa kichwa. Kule Sudbury, Kanada, mwaka 1972 walikamilisha dohani ya mita 381 kwenye kiwanda cha kuyeyusha nikeli. Hewa ya mjini ikapata nafuu, lakini gesi ya salfa ilisafirishwa mbali zaidi na kurudi ardhini kama mvua ya asidi. Nafuu ya kudumu ilikuja walipopunguza salfa yenyewe kiwandani. Tena sisi shida yetu kubwa ilikuwa paani, na dohani hata ya urefu gani isingeligusa tundu la paa. Tulilifuta dai lile, lakini upande wa pili walikuwa wameshalinakili, na walilitumia kuonyesha kwamba hatujui tunachotaka.

La pili lilikuwa kubwa. Tulichanga tukanunua kifaa kidogo cha kupimia chembe za PM2.5, zile zenye kipenyo cha mikromita 2.5 au chini ya hapo, ambazo unywele wa binadamu ni mnene kuzizidi mara 20 hadi 30 na ambazo hufika ndani kabisa ya mapafu. Asubuhi moja kilisoma 480. Tulibandika namba ile kila mahali. Kwenye mkutano, mtaalamu wa kiwanda alisimama akauliza swali moja tu: asubuhi hiyo palikuwa na ukungu? Palikuwa na ukungu. Vifaa vile hurusha mwanga hewani na kuhesabu unavyotawanywa, na tone la ukungu hutawanya mwanga sawa na vumbi. Chumba kizima kilinyamaza. Namba zetu zote, hata za kweli, zilikufa pale. Nililia njia nzima kurudi nyumbani.

Tulianza upya. Tuliiomba mamlaka ituruhusu kuweka kifaa chetu kando ya kile chao rasmi kwa wiki kadhaa, tuone kinazidisha kiasi gani. Tukawa tunaandika unyevu wa hewa, na kila kipimo kilichochukuliwa unyevu ukizidi asilimia 80 tulikitupa, hata kama kilitupendelea. Hasa kama kilitupendelea. Daftari likawa na safu mbili zaidi, na likaanza kuaminika.

Lililobaki lilikuwa suala la wastani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka PM2.5 isizidi mikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa siku nzima, na 5 kwa wastani wa mwaka. Leseni yetu iliruhusu zaidi ya hapo kwa siku. Kwenye mkutano wa mwisho sikuleta barua. Niliandika ubaoni hesabu ya mfano: muda wa saa 4 za usiku kwenye mikrogramu 150, na saa 20 zilizobaki kwenye 10. Ukijumlisha unapata 800, ukigawa kwa 24 unapata 33. Nikawaambia, siku hii kwa karatasi yenu ni salama, na kwa mtoto wangu ni usiku wa inhela mara tatu, kwa sababu yeye havuti wastani, anavuta hewa ya saa 9 usiku. Kisha nikafungua daftari nikawaomba wachague usiku wowote wa nyota wiki ile, waje wenyewe.

Walikuja. Wakaguzi wawili, saa 10 alfajiri, wakasimama pale pale kwenye mteremko. Mmoja wao alikuwa yule yule aliyeniuliza moshi uko wapi. Alitazama paa muda mrefu bila kusema kitu, tanuru likalishwa, mwanga mwekundu ukamulika matundu na moshi ukachuruzika kutoka paani ukishuka kwetu. Alipiga picha. Halafu aliniuliza binti yangu analala chumba gani.

Leseni mpya ilitaja paa. Kofia ya kufyonza moshi ililazimika kubaki mahali pake tanuru linapolishwa, ikabidi wabadili namna ya kupakia chuma. Chuma chenye mafuta hakiruhusiwi tanurini kati ya saa 6 usiku na saa 3 asubuhi. Kipimo cha uzio kilihamishiwa upande wa bondeni, pamoja na kifaa cha kuonyesha mwelekeo wa upepo, na namba zake hutolewa kwa kila saa. Tuliomba kikomo cha saa moja moja, tukanyimwa. Wastani wa siku bado ndio unaohesabika kisheria, na hilo tutalirudia leseni ikifika mwisho tena.

Ndani ya nyumba nilibadili mambo machache. Madirisha hufungwa usiku wa nyota na kufunguliwa baada ya saa 4 asubuhi, hewa ikishachanganyika. Sifagii tena vumbi la vizingiti kwa ufagio mkavu, nafuta kwa kitambaa kilicholowa. Chuma chenye rangi za zamani kikiyeyuka hutoa madini ya risasi, na hakuna kiwango cha madini hayo katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Viatu vya kazini vya shemeji yangu hubaki nje ya mlango.

Karatasi ya kizingitini bado naiweka. Unga umepungua sana, ingawa sumaku haijawahi kukosa cha kuvuta. Jumanne iliyopita, saa 11 alfajiri, nyota tele, utepe umelala, niliona paa linatoa moshi tena. Nilipiga simu kiwandani. Msimamizi wa shifti alipokea, akasema feni ya kufyonza imeungua na fundi yuko njiani. Nilimwomba asimamishe kulisha tanuru mpaka fundi afike. Akasita, akasema sawa. Saa 11 na dakika 40 moshi ulikoma. Niliandika saa zote mbili, nikaandika na jina la cheo chake, nikaenda kufunga dirisha la binti yangu.